Aaron Burr: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wamelijua jina la Aaron Burr kupitia kifo cha mtu mwingine. Maswali ya hapa ndiyo yanayojirudia kila anapotajwa. Yameanza na mepesi, yakaishia na yale ambayo wanahistoria bado wanavutana. Ukiwa na haraka ya pambano la bastola, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya Hamilton. Ila ukiruka sehemu ya jeshini, mengi yanayofuata hayataeleweka vizuri.

## Mambo ya msingi

Aaron Burr alikuwa nani?

Alikuwa askari wa Vita vya Uhuru wa Marekani, wakili wa New York, seneta, kisha makamu wa tatu wa rais wa Marekani (1801 hadi 1805) chini ya Thomas Jefferson. Alizaliwa Newark, New Jersey, tarehe 6 Februari 1756, akafariki Staten Island tarehe 14 Septemba 1836. Kati ya tarehe hizo mbili alimuua Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, katika pambano la bastola akiwa bado makamu wa rais, akashtakiwa kwa uhaini akashinda kesi, akatangatanga Ulaya miaka minne, kisha akarudi New York na kufungua tena ofisi ya uwakili.

Alitoka katika familia ya namna gani?

Ya wachungaji na wasomi. Baba yake, mchungaji aliyeitwa pia Aaron Burr, alikuwa mkuu wa pili wa chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Princeton. Babu yake mzaa mama ni Jonathan Edwards, mhubiri aliyetikisa makoloni yote kwa mahubiri ya moto wa jehanamu.

Msiba ulipobisha hodi kwao haukuondoka upesi. Baba alifariki Septemba 1757. Babu Edwards akashika nafasi yake chuoni, naye akafa Machi 1758 baada ya kuchanjwa ndui. Mama akafuata Aprili, bibi Oktoba. Mtoto hajatimiza miaka mitatu alikuwa hana baba, mama, babu wala bibi wa upande huo. Yeye na dada yake Sally walilelewa na mjomba wao, Timothy Edwards.

Alisomea nini?

Aliingia chuoni Princeton akiwa na miaka 13 na kuhitimu mwaka 1772 akiwa na 16. Alijaribu theolojia, akaona si njia yake, akahamia sheria kwa shemeji yake Tapping Reeve huko Litchfield, Connecticut. Vita vikamkuta hapo.

## Jeshini

Aliingiaje vitani?

Kwa kujitolea, akiwa na miaka 19. Septemba 1775 alijiunga na msafara wa kamanda Benedict Arnold uliokusudia kuivamia Quebec, mji wa Kanada uliokuwa mikononi mwa Waingereza, kwa kupita misitu ya Maine. Waliondoka watu wapatao 1,100. Mashua zao zilivuja, unga ukaoza kwa maji, na kuna waliofikia hatua ya kula mbwa na kuchemsha ngozi za viatu. Walipofika mto St. Lawrence mwezi Novemba walibaki kama 600. Wengine walikuwa wamekufa, wagonjwa, au wamegeuza njia. Burr, kijana mfupi mwembamba wa nyumba ya vitabu, alikuwa miongoni mwa waliofika.

Ni kweli alibeba maiti ya Jenerali Montgomery chini ya risasi?

Kwamba alikuwepo, hilo halina ubishi. Usiku wa kuamkia 31 Desemba 1775, katikati ya dhoruba ya theluji, alikuwa katika safu ya mbele ya Jenerali Richard Montgomery, wakati mzinga mmoja ulipofyatuka na kumuua jenerali na waliokuwa ubavuni pake. Burr hakupata jeraha.

Kuhusu kuibeba maiti, masimulizi yanasema alijaribu kumburuta jenerali kwenye theluji hadi akashindwa, kwa kuwa Montgomery alikuwa mtu mrefu. Kisa hicho kilimjengea jina mapema. Waingereza ndio waliouokota mwili na kuuzika.

Kwa nini hakuelewana na George Washington?

Katikati ya 1776 alipangiwa kazi kwenye makao ya Washington, mkuu wa jeshi la Wamarekani, akakaa wiki chache tu, kisha akahamia kwa Jenerali Israel Putnam. Kazi ya makaratasi ilimchosha, na inaonekana hakuona kwa jenerali yule kile ambacho wengine walikiona.

Septemba mwaka uleule Waingereza walitua Manhattan na jeshi la Wamarekani likawa linakimbilia kaskazini. Brigedi moja ilikwama kwenye ngome ndogo kusini mwa kisiwa, na kamanda aliyekuwa pale alitaka wakae wajihami. Burr aliwaambia wakibaki watatekwa wote, akawaongoza kwa njia za pembeni hadi Harlem. Aliokoa watu wengi siku hiyo, lakini taarifa za Washington hazikumtaja, na inasemekana hilo hakulisahau.

Chuki ilikuwa ya pande mbili. Kwa maelezo ya John Adams, aliyekuwa rais wakati huo, alipotaka kumpa Burr cheo cha brigedia jenerali mwaka 1798, Washington alikataa.

Alifika cheo gani, na kwa nini aliacha?

Luteni kanali, mwaka 1777, akiwa na miaka 21. Kikosi kilikuwa cha Kanali William Malcolm kwa jina, lakini Malcolm alionekana kwa nadra na Burr ndiye aliyekiendesha. Alipitia majira ya baridi ya kambi ya Valley Forge, na tarehe 28 Juni 1778 alipigana Monmouth, siku ya joto lililoua askari bila risasi. Farasi wake alipigwa, naye jua likamwangusha. Afya yake haikurudi sawasawa, akajiuzulu Machi 1779.

Kipindi chake cha Westchester kinatajwa sana. Kuna nini?

Kabla ya kujiuzulu alipewa kulinda eneo la kaskazini ya jiji la New York, lililokuwa katikati ya majeshi mawili. Hapo kila mwenye bunduki alikuwa mporaji, na mkulima hakujua ng'ombe wake ataibiwa na Mwingereza au na mzalendo. Burr alipiga marufuku uporaji na kuwalazimisha askari kurudisha mali. Kisha akaandaa orodha ya wakazi: nani ni nani, yuko upande gani, anaaminika kiasi gani. Akachora ramani ya njia na vichochoro, akapanga watoa habari, na usiku alizungukia vituo mwenyewe bila kumwarifu mtu.

Kwa maoni yangu, siasa zake zote zimo humo. Alizoea kujua kila mtu, kusema kidogo na kuandika kidogo zaidi, na kutokea pale asipotarajiwa. Kama kamanda wa kituo cha mbele alikuwa hodari. Tatizo lilikuja alipoendelea kuishi hivyo katika kazi inayohitaji watu wajue unachoamini.

## Siasa

Aliingiaje kwenye siasa?

Kwa mlango wa uwakili. Alisajiliwa mwaka 1782, mwaka huohuo akamwoa Theodosia Prevost, mjane wa ofisa wa jeshi la Uingereza, aliyemzidi miaka kumi. Aliingia bunge la jimbo la New York 1784, akawa Mwanasheria Mkuu wa jimbo 1789, na 1791 akachaguliwa seneta kwa kumwangusha Philip Schuyler. Schuyler huyo alikuwa baba mkwe wa Hamilton.

Ni kweli alianzisha benki kwa kisingizio cha maji?

Ndiyo, na ni moja ya hila nadhifu zaidi katika historia ya siasa za Marekani.

Jiji la New York lilikuwa na maji machafu, na homa ya manjano ya mwaka 1798 ilikuwa imeua watu wengi. Wakati huo benki za jijini zilikuwa mikononi mwa chama cha Hamilton, na mfanyabiashara wa upande wa pili alitafuta mkopo kwa tabu. Burr aliandaa muswada wa kuunda Kampuni ya Manhattan ya kuleta maji safi, mtaji wake dola milioni 2. Hamilton mwenyewe alisaidia kuupigia debe. Mwishoni mwishoni mwa muswada, wabunge wakiwa na hamu ya kurudi makwao, kikaingizwa kifungu kinachoiruhusu kampuni kutumia mtaji uliozidi kwa shughuli yoyote halali ya fedha. Sheria ikapita Aprili 1799, na Septemba benki ikafungua milango.

Maji nayo yalikuja, kiasi. Yalipita kwenye magogo ya misonobari yaliyotobolewa katikati, na vipande vyake bado huchimbuliwa chini ya mitaa ya jiji. Benki iliishi kuliko mabomba: mwaka 1955 iliungana na benki ya Chase, na leo ni sehemu ya JPMorgan Chase.

Wapiga kura walikasirika, Burr akapoteza kiti chake cha ubunge wa jimbo mwaka huohuo. Waliokuwa wakinyimwa mikopo hawakukasirika.

Ilikuwaje akafungana kura na Jefferson?

Katiba ya wakati ule ilimtaka kila mjumbe wa uchaguzi wa urais kupiga kura mbili bila kutenganisha ya rais na ya makamu. Wa kwanza anakuwa rais, wa pili makamu. Mwaka 1800 chama cha Jefferson kilimkusudia Jefferson awe rais na Burr makamu, lakini hakuna aliyepangiwa kumnyima Burr kura moja. Matokeo yakawa 73 kwa 73.

Kumbuka kwamba bila Burr pengine Jefferson asingefika hapo. Burr ndiye aliyeiteka New York: aliwashawishi watu wenye majina makubwa wagombee ubunge wa jimbo, na akawa na orodha ya wapiga kura wa jiji, mmoja mmoja, mwelekeo wake na uwezo wa mfuko wake. (Orodha ya namna hiyo aliwahi kuitengeneza, rejea swali la Westchester.)

Uamuzi ukaenda Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura moja, majimbo 16, zikihitajika 9. Walipiga kura mara 36, kuanzia 11 hadi 17 Februari 1801, mpaka James Bayard wa Delaware na wenzake wachache, waliokuwa wakimpigia Burr, walipojiondoa na Jefferson akapita.

Je, Burr alijaribu kumwibia Jefferson urais?

Hakuna ushahidi thabiti kwamba aliwauzia wapinzani ahadi. Lakini hakujitoa pia. Barua moja ya wazi kusema "siutaki urais hata nikipewa" ingemaliza mambo, na hakuiandika. Jefferson hakumwamini tena. Kutokana na sokomoko hilo yalipitishwa Marekebisho ya 12 ya Katiba mwaka 1804, yaliyotenganisha kura ya rais na ya makamu.

Alikuwa makamu wa rais wa aina gani?

Serikalini alitengwa. Kwenye kiti cha Seneti, ambalo makamu wa rais ndiye huliongoza, alisifiwa hata na maadui. Aliongoza kesi ya kumwondoa Jaji Samuel Chase wa Mahakama Kuu ya Marekani mapema 1805, kwa haki na ukali uleule kwa pande zote, na Chase akapona. Tarehe 2 Machi 1805 aliliaga Seneti kwa hotuba fupi iliyowatoa maseneta machozi. Hotuba yenyewe haikuandikwa neno kwa neno. Tunayo kwa masimulizi ya waliokuwepo.

Msimamo wake juu ya utumwa ulikuwa upi?

Ulimi na mkono havikwenda pamoja. Mwaka 1785 bungeni New York aliunga mkono pendekezo la kuwaacha huru watumwa wote papo hapo, likashindwa. Nyumbani kwake alikuwa na watumwa.

## Hamilton

Uhasama wao ulianza wapi?

Wengi huutaja ushindi wa 1791 dhidi ya Schuyler. Baada yake Hamilton aliandika barua nyingi, mwaka baada ya mwaka, akimwita Burr mtu asiye na msingi wowote ila tamaa. Mwaka 1801 alipigania Jefferson ashinde ingawa Jefferson alikuwa hasimu wake wa siasa.

Hata hivyo walikuwa mawakili wa jiji moja, walikula meza moja. Mwaka 1800 walisimama pamoja kumtetea Levi Weeks, seremala aliyeshtakiwa kumuua Elma Sands, msichana aliyekutwa kisimani. Kisima kilikuwa cha Kampuni ya Manhattan. Weeks aliachiwa.

Pambano lilisababishwa na nini hasa?

Mwaka 1804 Burr, akijua Jefferson hatamchukua tena, aligombea ugavana wa New York akashindwa vibaya na Morgan Lewis. Kisha akaletewa gazeti la Albany lenye barua ya Dakta Charles Cooper, iliyosema Hamilton ametoa juu ya Burr maoni "ya kudharaulika zaidi" kuliko yale yaliyokwisha kutajwa. Burr akadai maelezo. Hamilton akajibu kwa somo la sarufi, akiuliza ni dharau ya kiwango gani inayozungumzwa. Majibizano yakapanda hadi hapakuwa na njia ya kurudi bila mmoja kuaibika.

Siku yenyewe ilikuwaje?

Tarehe 11 Julai 1804, asubuhi, mashua mbili zilivuka mto Hudson kwa nyakati tofauti hadi Weehawken, New Jersey. Bastola zilikuwa ndani ya mkoba, na wapiga makasia waligeuza migongo, ili wakiulizwa mahakamani waape kwamba hawakuona silaha wala pambano. Daktari David Hosack naye alisubiri pembeni.

Mpambe wa Burr, yaani msaidizi na shahidi wake, alikuwa William Van Ness, wa Hamilton Nathaniel Pendleton. Walipima hatua kumi. Hamilton aliomba dakika, akavaa miwani, akaelekeza bastola huku na huku akijaribu mwanga. Milio miwili ikasikika. Risasi ya Hamilton ilikata tawi la mti juu ya Burr. Ya Burr iliingia ubavu wa kulia, ikapita kwenye ini hadi uti wa mgongo. Hamilton alifariki siku ya pili yake.

Nani alifyatua kwanza?

Wapambe wenyewe walitofautiana katika taarifa zao. Hamilton aliacha maandishi kwamba alikusudia kuitupa risasi yake ya kwanza. Burr hakuyajua maandishi hayo. Alichokiona ni mtu anayevaa miwani na kulenga. Mimi simlaumu kwa kutobahatisha.

Kwa nini hakufungwa?

Mashtaka yalifunguliwa New York na New Jersey, lakini kesi haikusikilizwa kamwe. Mapambano ya bastola yalikuwa haramu, ila watu wa tabaka lao waliyaona suala la heshima na majopo ya raia wanaoamua kesi yalisita kuadhibu. Mtoto wa Hamilton mwenyewe, Philip, aliuawa katika pambano kama hilo New Jersey mwaka 1801. Burr alikimbilia kusini kwa muda, kisha Novemba akarudi kwenye kiti chake cha Seneti.

## Kesi ya uhaini

Alikuwa anapanga nini Magharibi ya Marekani baada ya kuacha umakamu wa rais?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na sababu ni kwamba kila aliyemuuliza alipata jibu lake. Balozi wa Uingereza, Anthony Merry, aliambiwa majimbo ya Magharibi yako tayari kujitenga. Wengine waliambiwa ni maandalizi ya kuivamia Meksiko ya Wahispania vita vikizuka. Wengine waliambiwa ni kilimo tu, kwenye ardhi aliyoinunua kando ya mto Ouachita. Yote matatu huenda yalikuwa na chembe ya kweli, kutegemea upepo utavumaje.

Kituo kilikuwa kisiwa cha Harman Blennerhassett, tajiri kutoka Ireland, kwenye mto Ohio. Jeshi lenyewe lilikuwa la kuchekesha: vijana wasiozidi mia, kwenye mashua.

Nani alimchongea?

Jenerali James Wilkinson, mkuu wa jeshi la Marekani na mshirika wake. Wilkinson alikuwa ndumilakuwili wa kiwango cha juu: kwa miaka mingi alilipwa kwa siri na Hispania, akijulikana kwao kama wakala namba 13. Mambo yalipoanza kuvuja alimgeuka Burr, akampelekea Jefferson habari pamoja na barua ya mafumbo, iliyosemwa imetoka kwa Burr, ambayo alikuwa ameifanyia marekebisho ili asionekane ameshiriki. Jefferson akatoa tangazo Novemba 1806. Burr alikamatwa Februari 1807, katika eneo ambalo sasa ni Alabama.

Kama ushahidi ulikuwepo, kwa nini aliachiwa?

Kwa sababu Katiba ya Marekani inaubana uhaini makusudi. Lazima kuwe na kitendo cha wazi cha kuipigia nchi vita, na mashahidi wawili wa kitendo hichohicho. Mashtaka yalitaja mkusanyiko wa kisiwani tarehe 10 Desemba 1806, siku ambayo Burr hakuwepo kisiwani. Jaji Mkuu John Marshall, huko Richmond, Virginia, aliamua kwamba nia peke yake haitoshi. Tarehe 1 Septemba 1807 jopo likasema hatia haikuthibitishwa kwa ushahidi uliowasilishwa kwao. Burr alilalamikia maneno hayo ya kuuma na kupuliza.

## Baada ya hapo

Alikwenda wapi?

Ulaya, mwaka 1808, akitafuta mfadhili wa mipango yake. London alikaribishwa na mwanafalsafa Jeremy Bentham, kisha akafukuzwa nchini 1809. Alipita Sweden na Ujerumani hadi Paris, ambako Napoleon hakumpa nafasi na ubalozi wa nchi yake ukamnyima pasi. Aliishiwa hadi akauza zawadi alizomnunulia binti yake na mjukuu. Alirudi 1812 kwa jina la bandia.

Binti yake alipatwa na nini?

Theodosia, aliyezaliwa 1783, ndiye mtu aliyempenda kuliko wote. Alimsomesha Kilatini, Kigiriki na hesabu kama mtoto wa kiume, akiamini hoja za mwandishi Mwingereza Mary Wollstonecraft kuhusu elimu ya wanawake. Aliolewa na Joseph Alston, baadaye gavana wa South Carolina.

Juni 1812 mwanawe wa pekee, aliyebeba jina la babu, alikufa akiwa na miaka 10. Mwisho wa Desemba Theodosia alipanda jahazi Patriot kwenda New York kwa baba yake. Jahazi halikuonekana tena. Hadithi za maharamia zilisambaa baadaye, lakini dhoruba ya Januari ndiyo inayoelekea zaidi kuwa sababu. Sehemu kubwa ya karatasi za Burr ilizama naye, na kwa hiyo tunamsoma zaidi katika barua za maadui zake.

Ni kweli talaka yake ilitoka siku aliyokufa?

Ndiyo. Mwaka 1833, akiwa na miaka 77, alimwoa Eliza Jumel, mjane tajiri. Miezi michache ilitosha kwa bibi kuona pesa zake zinavyoyeyuka, akadai talaka. Wakili wake alikuwa Alexander Hamilton mdogo, mtoto wa yule Hamilton aliyeuawa. Talaka ilikamilika 14 Septemba 1836.

## Maswali ya pembeni

Je, ana wajukuu weusi?

John Pierre Burr, kinyozi wa Philadelphia aliyewasaidia watumwa kutoroka kuelekea uhuru, anatajwa kuwa mwanawe kwa Mary Emmons, mtumishi wa nyumbani kwake. Ukoo huo ulilisema jambo hili kwa vizazi, na mwaka 2018 chama cha wazao na jamaa wa Burr kikakubali rasmi.

Naweza kuona wapi mabaki ya historia yake?

Kaburi liko Princeton, karibu na la baba na la babu. Nyumba ya Eliza Jumel, kaskazini mwa Manhattan, ni makumbusho, na kisiwa cha Blennerhassett ni hifadhi ya jimbo la West Virginia. Weehawken kuna sanamu ya Hamilton na jiwe ambalo eti aliliegemeza kichwa chake. Uwanja wenyewe wa pambano haupo. Ulikatwa reli ilipopitishwa chini ya mwamba katika karne ya 19.